Dogo anachoma insulini kila siku, sasa C-peptaidi wanapima nini tena?

DadaMkubwa_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Naombeni mnieleweshe maana nimetoka hospitali jana na karatasi mkononi, usiku mzima sijalala.

Nina mdogo wangu wa kiume miaka 23, anapakia mahindi pale soko la Kibaigwa. Mwaka jana mwezi wa tano alianza kukojoa usiku kila saa, maji anakunywa kama kala samaki wa chumvi, mwili ukapukutika mpaka suruali anafunga na kamba, sisi tukasema ni magunia tu yanamkausha. Zahanati wakampima sukari ikasoma 21. Wakamwambia ni kisukari, wakampa vidonge vya metfomini na glibenklamaidi, na kameza kweli jamani mana mimi mwenyewe nilikuwa nampigia simu kila asubuhi namuuliza umekunywa dawa, lakini mashine haijawahi kusoma chini ya 15 hata siku moja.

Wiki saba zilizopita akaletwa mjini hajielewi, anatapika, anahema kama mtu katoka kukimbizwa, mdomo unanuka kama matunda yaliyochacha, mashine ikaandika HI, yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma, hata namba haikutoa. Mkojo ukakutwa na ketoni. Kalazwa siku 5, katoka na insulini anachoma asubuhi na jioni, na sa hizi sukari inacheza 8 mpaka 12, mashavu yamerudi.

Jana dokta kaandika kipimo kinaitwa C-peptaidi. Kasema anataka kujua kongosho la huyu kijana bado linatengeneza insulini yake au limeshafunga duka. Sasa mimi swali langu, mtu tayari anachoma insulini kila siku, hicho kipimo kitajuaje hii ni ya mwili wake na hii ni ya kwenye chupa? Na kama wanataka kujua insulini kwanini wasipime insulini yenyewe? Aje amefunga kula au ameshakula? Mama yetu yuko Mvumi anasema tusitupe hela, mtu wa sindano ni wa sindano tu. Hela yenyewe ili ipatikane inabidi niuze mbuzi wawili, kwaiyo nataka nijue nauza kwa ajili ya nini.

Kisasa_Mtaani

Pole sana dada. Hizo dalili ulizotaja nilimuona nazo binamu yangu, mungu mkubwa mlimuwahisha. Kuhusu kipimo ngoja waje watu wa maabara wapo humu.

Mzee_wa_Mlonge

Mwanangu nakwambia kwa nia njema. Mimi nilipimwa nikakutwa na sukari 14, nikapunguza ugali wa sembe nikahamia wa uwele, nikawa nachemsha majani ya mlonge asubuhi na jioni, natembea kwa miguu kutoka Chang'ombe mpaka mjini na kurudi, leo nina 7. Kijana mdogo hivyo kumzoesha sindano mwili utasahau kazi yake. Hebu mpumzishe sindano wiki mbili ajaribu, hela ya kipimo mnunulie chakula kizuri.

Maabara_Makole

Dada usimpumzishe sindano hata siku moja, nakuomba sana. Mzee shikamoo, na hongera kwa hiyo 7, kutembea na uwele vimekusaidia kweli na wala sibishi. Lakini wewe kongosho lako linafanya kazi, shida yako ni kwamba insulini ipo ila mwili ulikuwa hauiitikii vizuri, ndo mana ukipunguza uzito na wanga inakaa sawa. Huyu kijana kaingia kwenye ketoni. Mwili ukikosa insulini kabisa unaanza kuyeyusha mafuta, hayo yanatoa ketoni, asidi inayojaa kwenye damu, na huko ndo kule kuhema na harufu ya matunda. Akiachwa wiki mbili bila sindano anaweza asifike hata ya kwanza.

Sasa nije kwenye swali lako dada, na nafurahi umeuliza maana wengi wanatoa tu mkono wanachomwa wanaondoka.

Umewahi kubangua karanga? Kila ganda linatoa karanga zake. Kongosho nalo halitengenezi insulini moja kwa moja, linatengeneza kwanza kitu kirefu kimoja kinaitwa proinsulini, halafu kinakatwa, kinatoka kipande cha insulini na kipande kingine kinabaki, hicho kinachobaki ndo C-peptaidi. Insulini moja, C-peptaidi moja, zinamwagwa kwenye damu kwa idadi sawa kabisa. Jambo hili lilijulikana 1967 kwa mtafiti anaitwa Donald Steiner, Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani.

Insulini ya kwenye chupa ni karanga zilizobanguliwa kiwandani. Inakuja safi, haina ganda. Kwaiyo dogo hata achome yuniti 50, haiongezi C-peptaidi hata chembe moja. Nikipima damu yake nikakuta maganda, najua kuna mtu anabangua humo ndani. Nisipoyakuta basi hamna mtu.

Ukija kwenye kupima insulini yenyewe hapo kuna shida mbili. Kwanza mtambo mara nyingi hautofautishi ya kwake na ya sindano kwaiyo namba utakayopata haina maana. Pili insulini haikai, dakika kama 5 hivi nusu yake imeshaondoka, na kabla haijafika hata mkononi tunapochukua damu imepita kwanza kwenye ini na ini linachukua karibu nusu. C-peptaidi ini haliigusi, na inakaa mara kadhaa zaidi ya insulini, kama nusu saa hivi. Karanga zinaliwa upesi, maganda yanabaki barazani.

Anayeyafagia ni figo. Hapa sikia vizuri dada. Figo zikiwa mbovu maganda yanarundikana hata kama waliobangua ni wachache, majibu yanatoka makubwa na yanadanganya. Hakikisha na kreatinini, kile kipimo cha figo, imepimwa.

Kufunga kula inategemea dokta kaandikaje. Wengine wanataka amefunga usiku, wengine wanataka ndani ya masaa matano baada ya kula, na kwa mtu wa sindano hii ya pili ni nzuri tu na salama zaidi maana hakai njaa. Ila chochote mtakachofanya, sukari ipimwe SAA HIYO HIYO kwenye damu hiyo hiyo. Kongosho linamwaga insulini sukari ikipanda, sukari ikiwa chini linatulia. Akipimwa wakati sukari yake ni 3 na kitu, C-peptaidi itakuwa ndogo hata kwa mtu mzima wa afya, mtasomewa majibu ya uongo mlie bure. Ikiwa chini ya 4 mwambie dokta arudie siku nyingine.

Na nadhani umejiuliza kwanini hawakumpima palepale wodini. Sukari ikikaa juu sana kongosho linazubaa kwa muda, hata lile zima. Ndo mana wanasubiri angalau wiki mbili baada ya dharura kama ile. Dokta wenu yuko makini.

Kitu cha mwisho kabla sijarudi kazini. Uliza kama watapima hapohapo au sampuli inasafirishwa. Hii C-peptaidi inaharibika, damu ikiwekwa kwenye tyubu ya kawaida ikakaa na joto la Dodoma kuanzia asubuhi hadi basi la jioni, namba inashuka yenyewe. Inatakiwa itenganishwe haraka na iwekwe kwenye barafu, au itolewe kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau ambayo inahimili kama siku nzima. Una haki ya kuuliza dada, unauza mbuzi.

DadaMkubwa_Nkuhungu

Yaani mkuu hapo kwenye maganda nimeelewa mpaka nimempigia mama nikamuelezea. Kanyamaza muda mrefu halafu kasema kwaiyo wanahesabu maganda? Nikamwambia ndio. Kasema uza mmoja mwingine nitakupa mimi.

Mzee wa Mlonge shikamoo, asante kwa kutujali, ila sindano hatuachi.

Singida_Sindano14

Dada naomba mwambie dogo hayuko peke yake. Mimi ni wa Singida, kisukari aina ya kwanza, ile ambayo kongosho limeacha kutoa insulini, nimeanza nikiwa na miaka 13, huu mwaka wa 14 nachoma. Nimesoma, nimeoa, nina mtoto mmoja.

Hicho kipimo nilipimwa nikiwa mkubwa, baada ya dokta mmoja mgeni kuniambia labda mimi ni aina ya pili, ile ambayo insulini ipo ila mwili hauiitikii vizuri, na nijaribu vidonge. Nilitamani sana iwe kweli jamani. Nakumbuka nilikaa kwenye benchi naomba ipande. Ikatoka kidogo sana kiasi mtambo uliandika alama ya "chini ya" halafu namba. Nililia siku ile. Lakini baadae ikanipa amani, maana tangu hapo hamna mtu ananiambia jaribu hiki acha kile, karatasi ipo. Ndugu zangu walionibembeleza miaka yote niache sindano wakaelewa.

Mwambie pia kitu kimoja mimi kilinitia nguvu. Kabla ya 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anakondeshwa kwa njaa ili aongeze miezi tu. Wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922, na aliishi miaka 13 zaidi kwa insulini za enzi zile za kongosho la wanyama, ambazo hazikuwa safi kama za leo. Sisi tunachoma safi. Kwaiyo akiona chupa asione kama kifungo.

MamaKondoa

Mi nina la tofauti wanangu. Nina miaka 58, sukari mwaka wa 11, nilikuwa nachomwa insulini nyingi na sukari haishuki na mwili unazidi kuongezeka. Nikapimwa hiyo C-peptaidi nikakutwa nayo nyingi. Nikafurahi nikajua nimepona. Kumbe siyo, dokta kanieleza kongosho langu linabangua usiku na mchana lakini mwili hausikii, na kuniongezea sindano ni kama kumpigia kelele mtu kiziwi. Kanibadilishia dawa, kanipunguzia sindano pole pole yeye mwenyewe, sio mimi nyumbani. Ila kabla ya kunibadilishia alirudisha faili akaangalia figo kwanza, sasa ndo naelewa kwanini, kumbe ni hayo maganda kurundikana.

Kwaiyo mama wa Mvumi asione ni kipimo cha bure. Kwangu kilipunguza sindano, kwa kijana kitaamua abaki nazo.

Nzuguni_Kliniki

Nafanya kazi kliniki ya sukari, naongezea kidogo. Huku kwetu tumezoea kusema mdogo na mwembamba ni aina ya kwanza, mnene na mtu mzima ni ya pili, na kwa wengi inakubali. Lakini Afrika mambo yamechanganyika kuliko vitabu. Utafiti uliotoka 2025 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, vijana karibu 900 waliokuwa wanatibiwa kama aina ya kwanza, takriban theluthi mbili hawakukutwa na zile antibodi za kinga ya mwili inayoshambulia kongosho. Na mwaka huo huo, mwezi wa nne, shirikisho la kisukari la dunia lilikutana Bangkok likakubali kutambua aina ya tano, inayotokana na utapiamlo wa muda mrefu. Kwenye aina hiyo C-peptaidi inakuwa chini lakini haizimiki kabisa kama aina ya kwanza, na wagonjwa wake mara nyingi hawaingii kwenye ketoni. Sisemi dogo anayo, tena kwa ketoni zile mimi akili yangu inaenda aina ya kwanza. Nasema tu kwa mkoa kama wetu ambao mvua ikikata watu wanalala njaa, kupima ni bora kuliko kukisia kwa kumwangalia mtu mwili. Mwaka mzima kijana alimezeshwa vidonge kwa kukisia.

Mkiweza mwombe dokta apime na antibodi za GAD, ni mojawapo ya hizo nilizotaja. Ila zikikosekana hela, C-peptaidi kwanza.

DadaMkubwa_Nkuhungu

Wakuu nimerudi, ni siku ya kumi na mbili leo. Majibu yametoka.

Tulienda ameshakula, uji na mayai mawili, masaa mawili baadae wakatoa damu. Niliuliza tyubu, yule binti alinishangaa kidogo halafu akanionesha, ilikuwa ya zambarau. Sukari ya saa hiyo 13.4. Kreatinini wamesema iko sawa. C-peptaidi imeandikwa 0.30 ng/mL, pembeni kuna mshale unaangalia chini. Miadi ya dokta ni keshokutwa na mimi mpaka keshokutwa ntakuwa nimekufa kwa mawazo, Maabara_Makole uko wapi.

Maabara_Makole

Nipo dada. Atakayesema ni aina gani ni dokta akiwa na faili lote, mi nakusomea karatasi tu.

Vitabu vingi vinatumia nanomoli kwa lita, kwaiyo hiyo 0.30 zidisha kwa 0.331, unapata kama 0.1. Mstari wanaoangalia madaktari ni 0.2. Juu ya 0.6 mwili una insulini yake ya kutosha na mara nyingi ni aina ya pili, katikati hapo ni kijivu, chini ya 0.2 mwili umepungukiwa sana. Sasa angalia na sukari yake, 13.4, ameshakula. Hapo kongosho zima lingekuwa linabangua kwa mikono miwili. Limetoa 0.1. Figo nzuri, wiki saba na zaidi zimepita tangu dharura, tyubu sahihi. Sioni pa kusema majibu yamedanganya.

Ingekuwa imetoka kubwa ningekwambia bado tusishangilie, maana miaka mitatu ya mwanzo aina ya kwanza inaweza kubakiza akiba ikatudanganya, mtu anapewa vidonge halafu akiba inaisha. Lakini ikiwa ndogo hivi mapema hivi, imeshasema.

Na ndo inaeleza mwaka wote ule. Glibenklamaidi kazi yake ni kulichapa kongosho litoe insulini. Unachapa punda aliyelala chini hawezi kuinuka.

DadaMkubwa_Nkuhungu

Nimesoma hii nikatoka nje nikakaa chini ya mti. Nilikuwa najilaumu mwaka mzima kwamba labda hamezi dawa, kuna siku nilimgombeza kwenye simu mpaka akakata. Kumbe alikuwa anameza.

Singida_Sindano14

Mpigie umwambie hivyo hivyo dada. Mimi kaka yangu alikuja kuniambia baada ya miaka mingi na bado nakumbuka siku ile.

Halafu kuna la kumwambia mapema kabla hajarudi sokoni. Sisi tusio na akiba kabisa sukari inayumba sana, ikipanda inapanda na ikishuka inashuka ghafla, maana hamna kitu ndani cha kurekebisha. Kubeba magunia kunakula sukari. Asibebe gunia hata moja hajapima, mfukoni awe na glukosi au pakiti ya sukari au soda ya kawaida isiwe ile isiyo na sukari, na mmoja wa wenzake pale awe anajua, akimuona anatetemeka anatoka jasho anaongea ovyo ampe anywe hapohapo. Usiku ndo hatari, akibeba jioni apime kabla ya kulala. Kiasi cha insulini cha kuchoma aongee na dokta, kazi nzito inabadilisha.

MamaKondoa

Na insulini asiiache juani kwenye baraza la soko. Sisi kijijini umeme ulikuwa unakatika, tunaweka chupa kwenye kopo lenye mfuniko, kopo linakaa kwenye chungu cha udongo chenye maji kidogo, chungu kinakaa kivulini. Inakaa baridi vizuri.

DadaMkubwa_Nkuhungu

Mrejesho wa mwisho. Dokta kasema aina ya kwanza, vidonge vyote amefuta, insulini kapangiwa upya mara nne kwa siku, ya usiku na za kila mlo. Antibodi za GAD kasema tutapima hela ikipatikana lakini haitabadilisha tiba ya sasa. Nimempigia dogo nimemuomba msamaha. Kasema dada nilijua tu mashine ndo mbaya.

Mama kanunua chungu Mvumi, kanipa na kitambaa cha kufunikia. Jumamosi nakipeleka Kibaigwa na nitaongea na msimamizi wao pale sokoni, na yule rafiki yake anayelala naye chumba kimoja nimfundishe kupima. Singida_Sindano14 naomba nikutumie ujumbe binafsi, dogo anataka kuongea na wewe mwenyewe.